UFUNDI WA NYUMBANI: Tochi ya Kujitengenezea, na Mawe ya Kuitia

Usiku una shughuli zake. Mtoto ashikwa na homa, mama ashikwa na uchungu, katekista aitwa kwa mgonjwa, nyoka ajilalia katika njia ya chooni. Nani atatoka bila mwanga? Koroboi si kitu cha kukimbia nacho gizani. Upepo huizima, moshi wake hudhuru kifua, tena ikianguka juu ya mkeka yaweza kuteketeza nyumba nzima.

Basi juma hili tujifunze kutengeneza tochi ndogo kwa mikono yetu. Lakini nawaambieni mapema: kuitengeneza ni kazi ya saa moja, kuilisha ni kazi ya miaka. Fedha nyingi hupotea si katika tochi, bali katika mawe yake, yaani betri. Kwa hiyo someni mpaka mwisho.

VITU VINAVYOTAKIWA

Tafuta taa moja nyeupe ya LED, ile ndogo yenye unene wa milimeta 5 na miguu miwili ya waya. Fundi redio anazo, au atakutolea katika tochi iliyokufa. Mwombe pia rezista ya omu 68. Utaitambua kwa mistari yake ya rangi: buluu, kijivu, nyeusi, na wa mwisho kwa kawaida ni wa dhahabu. Tena uwe na mawe matatu madogo ya AA, kama yale ya saa ya ukutani, waya mwembamba, bati la kopo, karatasi ngumu ya kalenda ya zamani, ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, na tepu ya mafundi umeme.

Pengine utauliza, rezista ni ya nini? Taa ya LED ni kama mlafi: ukiiachia umeme bila kipimo, itakula mpaka iungue. Mawe matatu mapya hutoa volti 4.5. Taa nyeupe yataka kama volti 3.1 tu. Hizo 1.4 zilizobaki huchukuliwa na rezista, na taa hupata kama miliampea 20, ndicho kipimo chake. Usithubutu kuifunga tochi hii kwenye betri ya pikipiki, kwani volti 12 zitaiunguza taa.

KAZI YENYEWE

Kwanza, panga mawe katika mstari mmoja, kichwa cha moja kiguse kitako cha jingine. Yazungushie karatasi ya kalenda iliyokaza, kisha ifunge kwa tepu, ila ncha zote mbili zibaki wazi.

Pili, kata vipande viwili vya bati, uvisugue mpaka ving'ae, kwani kutu na rangi huzuia umeme. Toboa kila kimoja kwa msumari na ufunge waya hapo. Weka kipande kimoja kichwani na kimoja kitakoni, halafu pitisha ukanda wa mpira kwa urefu wa tochi, uvibane vyote viwili.

Tatu, waya wa kichwani uungwe na rezista, na rezista iungwe na mguu mrefu wa taa. Mguu mrefu ndio upande wa chanya. Sokota maungio vizuri, au mpe fundi ayatie lehemu, kisha yafunike kwa tepu yasigusane.

Nne, mguu mfupi wa taa uungwe na ulimi mdogo wa bati uliobandikwa ubavuni mwa tochi. Waya wa kitakoni uishie chini ya ulimi huo, bila kuugusa. Ukiubonyeza kwa kidole, taa itawaka, ukiuachia, itazimika. Swichi ya namna hii haina fahari, lakini hakuna mtoto atakayesahau tochi inawaka mpaka asubuhi. Taa isipowaka, pengine miguu yake imegeuzwa. Igeuze tena.

Mwanga huu wa taa moja watosha kutembelea njiani na kusomea kwa karibu. Usitegemee uangaze chumba kizima.

KUCHAGUA MAWE

Glopu ya tochi za zamani ilikula kama miliampea 300, hata 500. Taa yetu yala 20. Kwa hiyo jiwe lile lile hudumu zaidi sana. Lakini dukani mawe si namna moja, ingawa sura zao zafanana. Tazama maandishi yaliyo juu yake. Likiandikwa R6, ni la zinki na kaboni, la bei nafuu. Likiandikwa LR6, ni la alkali, na bei yake ni kubwa zaidi.

Tupige hesabu. Jiwe la LR6 hubeba kama miliampea-saa 2,000, yaani litaiwasha taa yetu kwa muda wa saa 100 hivi. La R6 hubeba kati ya 500 na 1,000, yaani saa 25 hadi 50. Nyumba iwashayo tochi saa tatu kila usiku itapata siku 33 kwa LR6, na siku 8 hadi 16 kwa R6. Basi kanuni ni hii: LR6 ikiuzwa mara mbili ya bei ya R6 au chini yake, nunua LR6. Ikipita mara nne, R6 yakufaa zaidi. Katikati ya hapo, jaribu mwenyewe: andika kwa kalamu juu ya jiwe tarehe uliyolitia, uhesabu siku zake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Aliye na mahali pa kuchajia kwa nguvu ya jua aweza kutumia mawe ya kuchajiwa. Hayo hutoa volti 1.2 tu kila moja, kwa hiyo atie manne, na rezista ya omu 100.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Usichanganye jiwe jipya na kuukuu, kwani lililochoka laweza kuvuja. Usianike mawe juani ili yapate nguvu. Hupata kidogo tu, kisha huharakisha kuvuja. Usiyatupe motoni, yaweza kupasuka. Tochi isipotumika kwa majuma kadhaa, yatoe.

Na sasa neno kubwa kuliko yote. Kuna betri ndogo bapa kama kifungo au sarafu, hutumika katika vitochi vya bei rahisi na vichezeo. Msizitie katika tochi hii, wala msiziache mahali mtoto anapoweza kuzifikia. Betri ya namna hiyo ikikwama kooni mwa mtoto yaweza kuunguza nyama za ndani kwa muda wa saa mbili tu, na watoto wamekufa kwa jambo hili. Mkishuku kwamba mtoto amemeza, msimtapishe, msingoje asubuhi, wala msingoje mpaka alie. Mkimbizeni hospitali saa ile ile, mwambieni daktari ni betri.

Mtakatifu Yosefu alilisha familia yake kwa kazi ya mikono. Nanyi akina baba, wakalisheni vijana wenu karibu Jumamosi hii, muitengeneze tochi pamoja. Kijana ajuaye kwa nini taa yake yawaka, na yamgharimu kiasi gani, hatadanganywa upesi dukani.