Maji Maangavu Yaliyoua Samaki

Leo nataka kuwasimulia juu ya samaki kumi na wawili waliokufa usiku mmoja katika darasa langu hapa Goma, na jinsi wenzao waliokuja baadaye walivyopata kuishi.

Sanduku lao lilikuwa la vioo, urefu sentimeta 80, upana 40, kimo 40. Wavulana waliteka maji ziwani wenyewe, wakayaleta kwa chukudu katika bidoni, wala hayakutiwa dawa yo yote. Ndani tuliweka vitoto vya tilapia. Watoto wakafurahi mno, wakawalisha mkate na bugali kila kipindi, nami sikuwakataza. Asubuhi ya siku ya tano tukawakuta samaki wote wanaelea, hali maji yang'aa kama kioo chenyewe. Mtoto mmoja akaniuliza: «Mwalimu, maji haya si yale tunayoteka nyumbani? Mbona yameua?» Sikuwa na jibu, na mwalimu asiye na jibu mbele ya watoto arobaini huona saa ndefu.

Jibu nililipata baadaye. Taka za samaki, na chakula kinachooza, hutoa amonia, nayo haionekani kwa macho. Majini amonia ina sura mbili: moja haidhuru sana, ya pili ni sumu kali. Ukali wa maji ndio uamuao ipi itazidi. Maji ya Kivu yana magadi, na kipimo chake cha pH juu ya ziwa ni karibu 9. Katika maji ya pH 7, sura ile yenye sumu haifiki sehemu 1 kwa 100 ya amonia yote. Katika maji ya Kivu yapita robo. Ziwani hakuna neno, maana maji ni mengi na taka hutawanyika. Sandukuni zaenda wapi?

Basi dawa yake ni kuwapa kazi bakteria. Wako bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni pole zaidi. Mimea huila nitrati hiyo, hata amonia yenyewe. Lakini bakteria hawa wapenda kushikamana na kitu, wataka nyumba. Hapo sisi watu wa Goma tu matajiri. Mawe mepesi yenye matundu, yaliyoletwa na moto wa Nyiragongo, ule wa 1977, wa 2002 uliopita katikati ya mji hata ziwani, na wa 2021, watu wa Ulaya huyanunua dukani kwa kazi hii hii. Kwetu yalizika nyumba. Watoto waliyaokota nyuma ya darasa ndoo mbili, kila moja ukubwa wa yai la kuku, tukayaosha hata maji yakatoka safi.

Chini ya sanduku tuliweka tangi la plastiki la lita 60, tukaligawa vyumba vitatu kwa vipande vya kioo. Fundi wa vioo alitoboa tundu kwa juu katika ukuta wa sanduku kabla hajauunga (kioo kilichochomwa kiwe kigumu hakitobolewi, hupasuka chote), na maji yakifika tundu hilo hushuka kwa bomba. Chumba cha kwanza kina sifongo, kinanasa taka nzito. Cha pili kina mawe, na juu ya mawe tulilaza vikonyo vya viazi vitamu, mizizi majini, majani nje karibu na dirisha. Majani yaliyo hewani hukua upesi kuliko yaliyozama, na kadiri yanavyokua ndivyo yanavyokula taka. Mke wangu amekwisha chuma matembele humo mara tatu. Chumba cha tatu kina pampu ndogo inayorudisha maji juu. Gugu maji tulilikataa, ingawa hukua kwa haraka: wavuvi wa Ziwa Victoria waliliona lilivyofunga pwani zao katika miaka ya 1990, nami sitaki kipande chake kifike Kivu kwa mkono wa mwanafunzi wangu.

Ngojeni majuma manne hata sita bakteria wazoee, mkianza na samaki wawili watatu. Na bidoni zinazotiwa klorini kandokando ya ziwa kwa ajili ya kuzuia kipindupindu, hizo ni za watu. Klorini huua samaki na bakteria pia.

Sasa neno la umeme, ambalo vitabu vya Ulaya hulipita mbio. Pampu ikizimika, bomba la kurudisha hugeuka likanyonya maji ya juu kuyashusha. Mdomo wa bomba letu ulikuwa sentimeta 15 chini ya uso wa maji. Pigeni hesabu: 80 mara 40 mara 15, ni lita 48, nazo zataka kuingia katika tangi lenye nafasi ya lita kumi na tano! Tulifagia maji darasani hata mchana. Kisha tukatoboa kitundu bombani, kidole kimoja tu chini ya uso wa maji. Maji yakishuka hapo, hewa huingia na mnyonyo hukatika.

Januari 2025, vita vilipofika mjini, umeme ulikatika siku kadhaa. Mawe yasipopitiwa na maji hukosa hewa, na bakteria hufa. Jirani wa shule aliyebaki alichota maji ya chini kwa kikombe akayamwaga juu, asubuhi, mchana na jioni, wala hakuwapa samaki chakula. Niliporudi nilihesabu tisa, na tisa ndio tuliowaacha.