Nyumba Haiuzwi kwa Mdomo

Jamani wana Tabora, aibu hii tutaibeba mpaka lini? Pita siku ya kazi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya uone watu wazima, wengine wenye mvi, wamekaa benchi moja hawasalimiani. Huyu anasema, "Nilinunua." Yule anasema, "Ulipanga." Nyumba yenyewe iko Isevya au Ng'ambo, vyumba vinne na mwembe uani.

Ushahidi wao ni nini? Karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto wa shule: "Nimepokea shilingi laki sita za nyumba." Basi! Ni kodi ya mwaka, au ni sehemu ya bei? Aliyeandika amekwisha kufa, shahidi amehamia Urambo, na wajukuu ndio wanaoapa kwa jambo wasiloliona. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwingine analeta risiti za LUKU. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye umeme, basi mpangaji anajiona ndiye mwenye nyumba. Ndugu yangu, kununua umeme si kununua nyumba! Mwingine anategemea miaka: "Nimeishi humu zaidi ya miaka 12." Miaka 12 ya Sheria ya Ukomo haimpi nyumba mtu aliyeingia kwa ruhusa ya mwenyewe. Hata Livingstone alikaa kama mgeni kwenye tembe la Kwihara, hapa hapa Tabora, miezi kadhaa mwaka 1872 akingoja wapagazi kutoka pwani. Walipofika alifunga mizigo akaondoka, wala hakumwachia mtu kesi.

Wenye nyumba msicheke, nanyi mmo. Unapokea fedha kidogo kidogo, leo laki mbili za matanga, kesho laki moja ya ada, na kuandika hutaki eti "sisi ni majirani, tunaaminiana". Bei za viwanja zikipanda, ghafla mnunuzi wako amegeuka mpangaji. Huo ni wizi, hata ukivaa kanzu siku ya kuapa.

Sisi ni watu wa dini. Mwislamu anajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inaamrisha kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Mkristo anajua kwamba Ibrahimu alipotaka mahali pa kumzika Sara alikataa kupewa bure, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wa mji. Na Yeremia aliponunua shamba aliandika hati akaitia muhuri. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataka mkataba wa kuuziana ardhi uwe wa maandishi. Dini imesema, serikali imesema. Tunangoja nani tena aseme?

Mtu atanijibu kwamba wakili ni ghali. Ghali? Hapo ndipo hasira zinaponipanda! Mtu huyo huyo juzi kafanya kicheni pati, sendofu na harusi, ukumbi umepambwa, ndafu imeingia ikichezewa muziki. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kila ahadi ya mchango imeandikwa, na asiyetoa anapigiwa simu usiku. Kumbe kuandika tunajua! Sherehe ya usiku mmoja ina daftari, nyumba ya kurithisha watoto haina. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Enyi waungwana wa Tabora, mji wenu ulipokea misafara ya Ujiji na Bagamoyo, na shule zenu zimelea viongozi wa taifa. Heshima hiyo msiimalizie barazani. Kaeni na wenzenu wiki hii hii, andikeni: ni kodi au ni bei, kiasi gani, tarehe gani, mpaka lini. Kama ni nyumba ya ndoa, mke na mume wote watie sahihi. Mashahidi wawepo, wakili agonge muhuri. Na mtu akikataa kuandikishana nawe, usimpe hata senti moja.