Je, Kurudisha Titi Baada ya Saratani ni Anasa?

Leo naandika juu ya jambo ambalo mimbarini huwa tunalipita mbio: titi lililoondolewa kwa sababu ya saratani, na mama anayefikiria kulirudisha.

Saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa zaidi kwa akina mama wetu hapa Kenya. Kanisa linachanga, upasuaji unafanyika, dada anarudi ibadani, tunapiga vigelegele. Miezi ikipita anauliza kuhusu kutengenezewa titi jingine, na minong'ono inaanza. "Si tulimchangia apone? Sasa huu ni urembo." Msimamo wangu nautoa wazi: si anasa. Mzee akikatwa mguu kwa sababu ya sukari, hakuna anayemwambia kwamba mguu bandia ni kiburi.

Lakini dada yangu, yule mtu wa Luka 14 aliyetaka kujenga mnara aliketi kwanza akapiga hesabu. Nawe keti.

Kuna kipandikizi cha silikoni. Upasuaji wake ni mfupi kuliko ule mwingine, na hakuna kovu jipya tumboni wala mgongoni. Mara nyingi hutanguliwa na kifuko kinachojazwa maji ya chumvi kidogo kidogo ili ngozi itanuke. Ila kipandikizi si cha maisha. Kinaweza kupasuka, au mwili ukakizungushia kovu gumu linalobana na kuuma, ukarudi theatre miaka ikipita. Kama umepigwa mionzi, hatari hiyo huongezeka. Uliza pia ni aina gani unayowekewa. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya Biocell, vyenye uso wa kukwaruza, baada ya kuhusishwa na saratani adimu ya limfu.

Kuna kujengewa kwa mwili wako mwenyewe: ngozi na mafuta ya tumbo, au msuli wa mgongo. Titi hilo hunenepa na kukonda pamoja nawe, na hakuna kitu cha kuja kubadilishwa. Lakini ni saa nyingi mezani, daktari anayejua kuunganisha mishipa midogo ya damu, makovu mahali pawili, na wiki kadhaa bila kuinua mtungi wa maji wala mtoto. Kwa mama anayeuza mboga, wiki hizo ni karo ya shule! Na damu isipofika vizuri, kipande chote kinaweza kufa. Mwenye sukari au anayevuta sigara yuko hatarini zaidi.

Kwa njia zote mbili, hisia ya zamani kwa kawaida hairudi yote, na titi hilo halinyonyeshi. Wengi huambiwa hili wakiwa wamechelewa.

Yuko pia anayechagua titi bandia la kuvaa ndani ya sidiria, la silikoni au la kufumwa kwa uzi. Bei ni nafuu, hakuna kisu, ingawa jua likiwaka utatoka jasho. Na yuko anayebaki na kifua bapa, basi. Yakobo alitoka Penieli akichechemea, akiwa amebarikiwa. Dada huyo asiulizwe maswali.

Haraka haipo. Titi laweza kujengwa siku ile ile linapoondolewa, au miaka baadaye. Saratani yenyewe ndiyo isiyongoja, kwa hiyo mtu asikucheleweshe matibabu kwa jina la unabii. Amen?

Kuhusu pesa: Marekani ina sheria ya mwaka 1998 inayolazimu bima zinazolipia kuondoa titi zilipie na kulirudisha. Hapa kwetu usidhani. Uliza SHA na bima yako, upewe jibu kwa maandishi kabla ya tarehe ya upasuaji.

Nanyi waume. "Mimi nakupenda hivyo hivyo" ni neno jema, lakini usilitumie kumnyamazisha. Wala usimsukume theatre kwa ajili ya macho yako. Nenda naye kliniki na daftari, uandike: upasuaji ni mara ngapi, siku ngapi wodini, mkono utarudi kazini lini, na kukitokea hitilafu, nani atalipa.