Magma ya Meru na Maji ya Visima

Magma inayopanda bila kutokeza juu ya ardhi hubadilisha njia za maji kwenye miamba inayoizunguka. Hujipenyeza katika nyufa na kuganda kama kuta za mwamba, ambazo wanajiolojia huziita daiki. Mwanzoni joto na msukumo wake hupasua mwamba wa jirani. Maji yaliyopashwa moto huwa mepesi na kupanda, na ya baridi huvutwa kutoka pembeni. Baadaye hali hugeuka, kwa kuwa madini yaliyoyeyuka katika maji hayo huganda ndani ya nyufa zilezile na kuziziba. Daiki iliyopoa huwa kizuizi kwa maji yanayotaka kuikatiza, ila ubavuni mwake, penye nyufa za kupoa, maji hutiririka.

Ukanda wa kaskazini mwa Tanzania ulishuhudia tukio la namna hiyo Julai 2007. Magma ilijipenyeza chini ya mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron, na tarehe 17 tetemeko la ukubwa wa 5.9 likasikika hadi Arusha na Nairobi. Septemba mwaka huo volkano jirani ya Ol Doinyo Lengai ikalipuka.

Mlima Meru, ulio karibu na Arusha, ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, lakini kwa wakazi wa Makumira, Ngurdoto na Maji ya Chai, walio kwenye miteremko yake, athari ya volkano iko kwenye ndoo ya kila siku. Miamba ya Meru ina floraidi na sodiamu nyingi. Kabonidayoksaidi inayopanda kutoka kina kirefu huyapa maji nguvu ya kuimumunya miamba hiyo, nayo kalsiamu, ambayo ingeshikamana na floraidi na kuituliza kama madini magumu, ni haba. Floraidi hubaki majini. Meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na kwa waliokunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi, mifupa huweza kupinda.

Kuchimba kisima kirefu zaidi hakutoshi kuwa tiba. Maji yaliyokaa ardhini muda mrefu hubeba floraidi zaidi, wakati chemchemi za mteremko wa juu, zenye njia fupi, mara nyingi huwa na nafuu. Visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana kabisa, kimoja kikiwa upande huu wa daiki na kingine upande wa pili. Ndiyo maana kuchagua eneo kwa kuangalia ukaribu wa barabara au shule pekee ni kosa lenye gharama kubwa.

Ni kweli kwamba upimaji wa miamba huongeza gharama na wananchi wanahitaji maji sasa. Lakini kisima kinachozidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, huwahamishia wananchi gharama hiyo. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeushughulikia kwa miaka mingi, huondoa floraidi, ila huchoka na lazima ubadilishwe. Fedha za upimaji zinapaswa kuwa ndani ya bajeti ya kila kisima tangu mwanzo, na sampuli za maji zichukuliwe masika na kiangazi, kwa sababu maji yanayoingia kisimani hayatoki njia moja mwaka mzima.