Pikipiki ya Kazi na ya Matembezi

Mtumishi wa umma anayepangiwa kazi Kenyamonta, katika Wilaya ya Serengeti, hachukui muda mrefu kutambua kwamba nusu ya kazi yake ni njia. Ofisi ya Mkurugenzi iko Mugumu, na benki iko Mugumu. Karatasi ya mtihani, barua ya uhamisho, dawa ya zahanati na sahihi ya mkubwa, vyote hivyo vina safari ndani yake. Gari la abiria lipo, lakini lina saa zake, na saa hizo si za mtumishi. Mwalimu akilikosa la asubuhi siku nzima imekwenda, na watoto arobaini au zaidi wamekaa darasani wakitazamana. Ndiyo maana katika vyumba vya walimu na mabaraza ya ofisi, kuanzia Mugumu hadi Tarime, swali linalorudi kila mara mkopo unapokaribia kutoka ni hili: ninunue pikipiki gani?

Wapo wanaolicheka swali hilo wakidhani ni la vijana na fahari zao. Sisi hatulicheki. Mtumishi wa kawaida hanunui pikipiki kwa fedha iliyo mfukoni. Huinunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo au wa benki, na mshahara wake hukatwa kila mwezi kwa miaka miwili au mitatu. Aliyechagua vibaya ataendelea kukatwa mshahara kwa ajili ya chombo kilichoegemezwa ukutani na kuku wanalala juu yake. Tumewaona watu wa namna hiyo, wala si wachache. Kosa hilo halimuumizi yeye peke yake, kwa sababu shule aliyopaswa kuikagua haikaguliwi, na mkulima aliyemngoja shambani amerudi nyumbani bila ushauri.

Pikipiki si jambo geni katika utumishi wa nchi yetu. Tangu miaka ya 1970 Bwana Shamba na Bwana Mifugo wamejulikana vijijini kwa mlio wake kabla hawajaonekana kwa sura. Nyingi za pikipiki hizo zilikuwa za Kijapani, ndefu, zenye gurudumu kubwa mbele na madigadi yaliyoinuliwa juu: Yamaha za aina ya DT, Honda za aina ya XL, Suzuki za aina ya TS. Zilikuwa farasi kweli kweli. Lakini baadhi yake, hasa zile za mipigo miwili, ziliunguza oili pamoja na petroli. Oili ikiisha katika tangi lake dogo la pembeni bila mwendeshaji kuona, pistoni ilikwama na safari ikaishia hapo. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, na tena mwaka 1979, na fedha za kigeni zikawa adimu, vipuri navyo vilitoweka. Mradi uliozileta ulipomaliza muda wake, pikipiki zilibaki nyuma ya ofisi bila kabureta, kisha bila magurudumu, mwisho ikabaki fremu.

Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu Serikali imerudi kwa nguvu katika kuwapa watumishi wake vyombo hivi. Mwaka 2018 Waratibu Elimu Kata walikabidhiwa pikipiki zaidi ya 2,800 nchini kote, na mwezi Aprili 2022 ukaanza ugawaji wa maelfu mengine kwa Maafisa Ugani. Hiyo ni hatua ya kupongezwa bila kusita. Lakini pikipiki ya bure na ya mkopo zote zinapita njia moja na kwenda kwa fundi mmoja, na hapo ndipo tunapotaka mazungumzo yaanzie.

Basi tuanze na njia. Mtu aliyezoea lami ya Mwanza au Dar es Salaam huona barabara za Kenyamonta katika miezi ya kiangazi akasema mbona ni nzuri. Ni nzuri, ila vumbi. Aje mwezi Aprili. Ule udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunata kama ugali usioiva, hujaa kati ya tairi na madigadi, na gurudumu husimama kabisa ingawa injini inanguruma. Mwendeshaji hushuka, huvunja kijiti, huanza kuchokoa. Hatua mia mbili mbele huchokoa tena. Katika hali hiyo pikipiki ndefu yenye madigadi ya juu haina mpinzani, na gurudumu lake la mbele la inchi 21 hupanda mawe na makorongo ambayo gurudumu la inchi 17 linayagonga na kuruka. Anayetembelea vitongoji vya mbali kila siku, masika na kiangazi, na mwajiri wake ndiye anayelipia vipuri, achukue pikipiki ya namna hiyo wala asisikilize mtu.

Mwalimu aliye wengi, hata hivyo, si huyo. Yeye anatoka nyumbani kwenda shule na kurudi, mara moja au mbili kwa wiki anakwenda Mugumu, mwisho wa mwezi anakwenda mbali zaidi, na nyuma ya kiti chake kuna mtoto, au gunia la mahindi, au vyote viwili. Pikipiki ndefu ina kiti cha juu ambacho mtu mfupi hufika chini kwa ncha za vidole tu. Cheni yake iko wazi, ikila vumbi. Haina keria ya maana. Kipuri chake huagizwa mbali, na bei yake humfanya mtu akae chini kwanza. Siku za tope zito ni chache kuliko siku zilizobaki za mwaka, na katika siku hizo chache mwenye busara huacha pikipiki nyumbani akatembea kwa mguu.

Kwa huyo, sisi tunasema bila kuzunguka: pikipiki ya kawaida, ya mipigo minne, yenye injini ya sentimeta za ujazo kati ya 125 na 150, inayopozwa na upepo, isiyo na mapambo. Honda ilipotoa ile CG125 mwaka 1976 iliikusudia kwa nchi ambako wenye pikipiki huzipakia kupita kiasi na husahau kubadili oili. Vali zake zilisukumwa kwa fito za chuma badala ya mnyororo mdogo wa ndani unaolegea, na cheni ya gurudumu ilifunikwa yote. Umbo la injini ile liliigwa sana China, ndiyo sababu pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa mitaani, ingawa zina majina mbalimbali, zinaazimana vipuri kama ndugu wa tumbo moja. Baadaye zikaja za India, Bajaj Boxer na TVS, na vijana wa bodaboda wakazipigia kura kwa miguu yao. Kijana wa bodaboda anaweza kuwa na kasoro nyingi barabarani, lakini katika kuchagua chombo hababaiki, kwa kuwa pikipiki ikilala siku moja naye amelala njaa siku hiyo.

Hapa tungependa mtumishi abadili mpangilio aliouzoea. Kabla hajaenda dukani, aende kwanza kwa fundi. Aketi juu ya ndoo pale chini ya mwembe, aangalie fundi anafungua pikipiki gani, amwulize ni zipi zinazorudi kila wiki na zipi zinazokuja kubadili oili tu. Aulize bei ya klachi, ya seti ya cheni na sproketi, ya tyubu, ya kebo ya breki. Aulize kama vitu hivyo viko Mugumu, au vinangoja gari la Musoma. Akifanya hivyo kwa asubuhi moja atajua zaidi ya yale atakayoambiwa na mwuzaji kwa wiki nzima, maana mwuzaji hajawahi kusukuma pikipiki usiku akipita katikati ya ng'ombe wa watu.

Katika matumizi, pikipiki ya kadiri hiyo ikiendeshwa kwa upole hutembea kilomita 40 hadi 50 kwa lita moja ya petroli, na tangi la lita 10 humtoa mtu Kenyamonta akaenda Mugumu na kurudi mara kadhaa bila kununua mafuta ya chupa kando ya njia, ambayo Mungu ndiye ajuaye yamechanganywa na nini. Breki zilizofungwa ndani ya kitovu cha gurudumu hazina ukali wa zile za diski, lakini hurekebishwa kwa spana moja. Kiki ya mguu iwepo hata kama kuna kitufe cha umeme, kwa sababu betri hufa na mguu haufi. Na mtumishi asisahau leseni: pikipiki ndogo, isiyozidi sentimeta 125, ni daraja A1, na inayozidi hapo ni daraja A. Kununua ya 150 kwa leseni ya ndogo ni kujitafutia maneno na askari.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi huliona aibu kulitaja, nalo ni raha. Mwalimu wa Kenyamonta ni mtu. Siku ya Jumamosi, kazi zikiisha, ana haki ya kuwasha chombo chake akaenda kuona nchi yake, na pikipiki inayomfurahisha ndiyo atakayoifuta vumbi na kuitunza. Tena ni wachache nchini waliokaa mahali penye mengi ya kuona kama yeye. Mto Mara uko kwake. Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, ni safari ya kwenda na kurudi kwa siku moja. Akifika barabara kuu ya lami, upande mmoja ataiona Tarime yenye migomba na baridi yake, na upande mwingine Ziwa. Mahali pamoja tu hataingia, napo ni pale alipo jirani napo kuliko wote: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hairuhusu pikipiki, kwa sababu zinazoeleweka na mtu yeyote aliyewahi kumwona nyati kwa karibu. Huko atakwenda kwa gari, pamoja na wanafunzi wake, panapo nafasi.

Kwa safari hizo ndipo tofauti ya 125 na 150 inapoonekana. Juu ya lami, mtu wawili wakiwa wamepanda na mabasi yanakuja kwa nyuma, injini ndogo hulia na kupotewa na pumzi mlimani, ile ya 150 hubaki na akiba kidogo. Akiba hiyo si ya mbio. Ni ya kumwezesha mtu kushika mwendo wa kilomita 60 hadi 70 kwa saa na kuutunza. Kuhusu pikipiki za 250 na kuendelea, tunazozikuta katika picha na mikononi mwa watalii, ni nzuri sana kwa kutazama. Mtumishi anayeitamani aulize kwanza bei ya tairi moja.

Walimu wa kike wamesahauliwa mno katika mazungumzo haya. Pikipiki zote zinazosifiwa hupandwa kwa kurusha mguu juu ya tangi, jambo lisilolingana na sketi ya kazini. Ipo aina ya wazi katikati, isiyo na klachi ya mkono, ambayo Honda ilianza kuitengeneza mwaka 1958 kwa jina la Super Cub na hadi mwaka 2017 ilikwisha kutoa zaidi ya milioni 100. Wauza pikipiki wa Mkoa wa Mara wangefanya vyema kuleta za namna hiyo kwa wingi. Pale zisipopatikana, pikipiki fupi ya 100 yenye kiti cha chini inafaa kuliko kumwambia mwalimu aendelee kupanda nyuma ya bodaboda kila siku.

Na hao wa nyuma ya bodaboda wanatukumbusha kofia. Gharama ya kofia ngumu mbili, ya mwendeshaji na ya abiria wake, ihesabiwe ndani ya mkopo tangu siku ya kwanza. Mtumishi anayepita mbele ya shule kichwa wazi, amepakia mshikaki wa watoto watatu, hana la kuwafundisha wanafunzi kuhusu usalama barabarani. Wapo pia, tena wanajulikana, wanaokabidhi pikipiki ya Serikali kwa kijana aifanyie bodaboda jioni na kuleta hesabu usiku. Mkurugenzi anayelijua hilo akanyamaza ameshiriki.

Halmashauri nazo zina sehemu yao. Zinapoandaa orodha ya pikipiki za kununua, zimwite fundi wa Mugumu, zimwite na Afisa Elimu Kata mmoja wa kata za pembezoni, waketi mezani kabla zabuni haijatangazwa. Na katika zabuni hiyo hiyo kiandikwe kifungu cha vipuri vya miaka mitatu, vikabidhiwe pamoja na funguo.