Jumapili nalala, na mume wangu anajua kwa nini

Mwezi huu tuongelee uchovu. Sina maana ya ule wa foleni ya Ubungo na bosi mkorofi, ambao ukioga na kulala mapema unaisha. Nazungumzia ule unaoamka nao. Umelala usiku kucha, kumekucha, na mwili unajiona kama jana yake ulishinda unabeba zege.

Nina baridi yabisi, huu mwaka wa nne. Najua kwetu jina hilo linabeba kila kitu: bibi aliyelala sakafuni, maji ya baridi, feni. Huu wangu, ambao madaktari huuita athritisi ya rumatoidi, hauletwi na baridi. Kinga ya mwili, wale askari wetu wa ndani, wanageuka na kumshambulia mwenye nyumba. Viungo vinavimba na kuuma, na asubuhi vinakakamaa saa nzima au zaidi; kufunga vifungo vya blauzi inakuwa kazi ya watu wawili. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi nao, na kama asilimia 70 yao ni wanawake. Wengi ni watu wazima, lakini unaweza kukuanza hata ukiwa na miaka ishirini na kitu.

Kinacholeta maneno ndani ya nyumba siyo maumivu. Maumivu watu wanayaelewa, vidole vimevimba na wanaviona. Uchovu nani auone? Unaonekana mvivu tu. Lakini ukweli ni kwamba ugonjwa ukichachamaa, mwili unamwaga kwenye damu kemikali za aina ile ile inazomwaga ukiwa na malaria au mafua makali. Unakumbuka malaria ilivyokulaza? Sasa fikiria hali hiyo isiyo na siku ya mwisho, halafu uongeze damu pungufu ambayo ugonjwa wenyewe huileta, na usingizi wa kukatika kila ukigeuka. Ndiyo maana uchovu ukizidi ghafla mimi sikimbilii vidonge vya vitamini. Nakwenda kupima damu.

Kwa nguvu ninazobaki nazo, nimejifunza kuishi kama mtu mwenye vocha ya elfu moja. Hupigi simu kwa kila mtu. Kazini tulikubaliana niingie saa tatu badala ya saa mbili, nafidia jioni, na mwendokasi wa saa mbili na nusu angalau una pa kushika. Nguo nafua kidogo kidogo, siyo rundo zima Jumamosi. Na jambo ambalo nililipinga sana mwanzoni: kutembea. Nusu saa jioni, mwendo wa taratibu, siku ambazo viungo havijavimba. Daktari alisema mazoezi mepesi hupunguza uchovu, nikamwona ananitania. Kumbe ni kweli bwana.

Sasa tuje kwenye dawa, maana hapa ndipo ndoa zinapojaribiwa. Dawa yangu kubwa ni methotreksati. Inamezwa siku moja tu kwa wiki, nasisitiza, siku moja. Ukiimeza kila siku inaweza kukuua. Boksi letu mume wangu ameliandika JUMAMOSI kwa kalamu ya wino mzito, na asidi ya foliki, ambayo inapunguza madhara yake, ina boksi lake na siku yake. Siku ya kwanza alisoma karatasi ya ndani akakuta neno saratani, akakaa kimya mpaka usiku. Kweli, ilianza kama dawa ya saratani. Kwa dozi ndogo ya kila wiki hutuliza kinga iliyopagawa, na Marekani iliipitisha kwa ugonjwa huu tangu mwaka 1988.

Shida ni kesho yake. Kichefuchefu, kichwa kizito, mwili umelowa. Wengi humeza Ijumaa ili wapumzike Jumamosi, lakini hapa Dar Jumamosi ndiyo siku ya kitchen party, send-off na harusi, na michango tumeshatoa! Tukakaa wawili, tukamuuliza daktari, tukahamishia Jumamosi usiku. Kwa hiyo Jumapili nalala. Wifi yangu akatukuta hivyo, mimi kitandani, kaka yake jikoni anakaanga samaki. Akasema kwa sauti nisikie: "Siku hizi wanawake wameolewa waje kulala." Mume wangu hakugombana naye. Alisema, "Jana kameza dawa. Karibu samaki." Mpaka leo sijapata mtu aliyenitetea kwa maneno machache kama yale.

Kuna na hili la macho ya watu. Ukionekana na dawa za kila wiki mwaka hadi mwaka, mtaani wanajua wanachokijua, na hata ukieleza utaonekana unaficha. Mimi nimeacha kueleza. Wanaohitaji kujua ni watu wa nyumbani, na mtu wa duka la dawa. Huyo wa pili usimfiche kabisa. Septrin, ambayo sisi tunanunua kwa kikohozi na mkojo kama pipi, ikikutana na methotreksati inaweza kuangusha chembe za damu vibaya sana. Pombe nayo inalemea ini, na ndiyo maana kila baada ya muda napimwa damu na ini. Kipimo hicho kiko kwenye bajeti ya nyumba kabla ya king'amuzi.

Prednisoloni nilipewa miezi michache wakati ugonjwa umewaka. Nameza asubuhi na chakula, maana ukiimeza usiku utahesabu mabati. Inatuliza haraka, lakini inakupa njaa ya ajabu na uso unakuwa duara kama sahani. Basi kila nilikopita, "Jamani, ndoa imekupenda!" Nikawa nacheka tu. Haiachwi ghafla lakini, inapunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari, hata kama umechoka na hayo mashavu.

Na chumbani je? Barua nyingi zinauliza hili kwa kuzunguka. Usiku mimi ni gogo, siwezi kudanganya. Tuliongea bila kuoneana aibu, tukagundua Jumamosi mchana, nimeshaoga maji ya moto na viungo vimelegea, ndiyo saa yetu. Kitu kilichokuwa kinamuumiza mwenzangu ni kudhani simtaki. Kuchoka kwangu alikuwa anaweza kukivumilia.

Lililobaki ni mtoto. Mama mkwe anauliza kila akipiga simu, na ana haki yake. Lakini methotreksati inaharibu mimba na inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Ukiwa unaitumia lazima uzuie mimba kwa uhakika, halafu uiache mapema kabla ya kujaribu, kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu, na daktari ndiye anayepanga. Wangu anataka pia ugonjwa uwe umetulia miezi kadhaa kwanza. Tumempelekea mama maneno hayo wote wawili, tumekaa pale sebuleni kwake. Tukamwambia dawa nitakayobaki nayo ni haidroksiklorokwini, ambayo wajawazito wanaruhusiwa, ila macho yanapimwa. Akashtuka: "Siyo ile klorokwini iliyokuwa inatuwasha?" Ni ndugu yake, mama. Ile yenyewe Tanzania iliacha kuitegemea kutibu malaria mwaka 2001. Akatikisa kichwa, akasema basi afadhali niwashwe.

Miadi yetu ijayo ni mwisho wa mwezi. Mume wangu ameomba ruhusa kazini ili twende pamoja, na maswali ameshayaandika nyuma ya ile karatasi ya dawa. La kwanza ni lini tuache.