Bakuli la Kiangazi, Lakini Kiangazi Gani?

Tunapotafsiri habari za sherehe ya chai ya Japani, kamusi hutupatia upesi majina ya majira: kiangazi, vuli, kipupwe. Maoni yangu ni kwamba majina hayo, yakiachwa peke yake, yanampotosha msomaji wa Lubumbashi. Vyombo vya chai vyenyewe vinaonyesha kwa nini.

Tuanze na bakuli. Kwa miezi ya joto Wajapani wana hirajawani, bakuli pana lisilo na kina, ambamo chai inapoa haraka. Kwa baridi kali wana tsutsujawani, refu na jembamba, linalotunza moto. Tukifuata kamusi, la kwanza tutaliita "bakuli la kiangazi". Lakini kiangazi cha Katanga ndicho chenye zile asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ambazo watu hutoka nyumbani na makoti. Msomaji makini atauliza: kwa nini mtu apoze chai wakati wa baridi? Swali lake ni halali. Tafsiri ndiyo yenye kasoro.

Tutazame sasa moto wenyewe. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi, maji huchemshwa juu ya furo, jiko la mkaa la kubebeka, tuseme mbabula yao. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne hutumika ro, meko yaliyochimbwa sakafuni. Mwezi wa kumi, baridi inapokaribia, furo husogezwa katikati ili joto limfikie mgeni. Hata ubani hubadilika: vipande vya mti wenye harufu kwa furo, ubani wa kukandwa kwa ro. Kwa hiyo mwaka wa chai una nusu mbili kabla ya kuwa na majira manne. Nusu hizo zinakaribiana kimiezi na kiangazi na mvua zetu, lakini maana zake zimepishana: wao wanakimbia joto, sisi tunatafuta jua.

Tena, si kila ishara inafuata hali ya hewa. Umbo la bakuli lina sababu inayoonekana, ila kijiko cha mwanzi cha kuchotea chai hupewa jina, na jina hilo laweza kutaja kijito safi siku ya joto kali ili mgeni ahisi ubaridi. Sikukuu ya Tanabata nayo, tangu Japani ilipochukua kalenda mpya mwaka 1873, husherehekewa sehemu nyingi tarehe 7 Julai, wakati wa joto. Hata hivyo katika orodha za maneno ya ushairi wa haiku imebaki neno la vuli. Hapa Saussure anatusaidia: thamani ya ishara hutokana na nafasi yake kati ya ishara nyingine za mfumo uleule. Ukiihamishia katika mfumo mwingine wa majira, thamani hiyo inapotea.

Najua mwalimu mmoja au mwingine atasema kwamba Kiswahili sanifu kimekwisha kuyakubali majina haya, na istilahi haifai kuvurugwa. Katika somo la jografia nakubali. Lakini vuli ya pwani ni mvua fupi, wala si majani yanayopukutika. Mahali ambapo majira ndiyo ujumbe wenyewe wa chombo, istilahi iliyokubaliwa haitoshi.

Napendekeza jambo dogo kwa mazoezi yetu ya tafsiri: tuache jina la Kijapani libaki, kisha tueleze kazi ya chombo na miezi yake. "Hirajawani, bakuli pana la miezi ya joto nchini Japani" ni ndefu kuliko "bakuli la kiangazi", lakini msomaji wa Lubumbashi, wa Kisangani na wa Mombasa wote wataelewa jambo moja.